Nyama Iliyolala Bila Moto

Chiza, mwana wanje,

Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, nami nimeburuta kigoda hadi mlangoni mwa jiko ili nipate mwanga. Mvua inajikusanya upande wa Buhigwe. Barua hii nimeianza asubuhi, nikaiacha, nikaenda kuangalia kuku. Nikarudi, nikaandika mstari mmoja, nikakumbuka kitenge chako cha kijani. Nimekikunja, nikakikunjua, nikakikunja tena. Baba yako amenitazama mpaka amechoka, akasema, "Mama Bukuru, kaa chini. Mtoto anakwenda Kibondo, haendi Ulaya."

Ni kweli. Kibondo si mbali. Ukipanda basi la asubuhi, chakula cha mchana utakila huko. Lakini kinachonisumbua si umbali.

Ni hiyo kazi. Tangu ulipokuja na habari kwamba shule ya bweni wamekuchukua uwe mpishi mkuu, watu wanapita hapa kunipongeza, nami nacheka nao. Wakiondoka, nabaki nawaza. Watoto wa watu, Chiza. Watoto ambao mama zao wako mbali, wanapanga foleni na sahani mkononi, na chochote utakachowapakulia watakila, kwa sababu wana njaa na kwa sababu wanakuamini.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala ya kusali, wala ya wanaume. Hayo tumeyasema tukichambua maharage, na mengine unayajua kuliko mimi. Nataka nikusimulie siku ya kipaimara cha kaka zako. Najua unaijua. Mtaa mzima unaijua. Lakini ulikuwa mdogo, umekua ukiokota habari vipande vipande, kipande kwa shangazi Konsolata, kipande kwa wale watoto wa shule waliokuita mtoto wa sumu. Kutoka kinywani mwangu, tangu mwanzo hadi mwisho, hujawahi kuisikia.

Wakati ule nilikuwa nimeanza kufuga kuku wa kisasa. Wenzangu walikuwa na kuku wa kienyeji, wanaojitafutia na kulala jikoni. Mimi nilikuwa na banda la wavu lililoegemea ukuta wa jiko, lina taa na vinywesheo vyekundu. Nilikuwa nikipita barabarani kama mke wa mkuu wa wilaya. Bukuru na Butoyi walipokaribia kipaimara nikasema, safari hii watu hawatakula maharage kwangu. Watakula kuku, na watashiba.

Hapo kuna jambo inabidi ulielewe. Babu yako alipovuka kutoka Burundi hakuwa na kitu. Mzee Gwimo, jirani yetu, ndiye aliyemtazama, akachukua jembe, akachora mstari katika shamba lake mwenyewe, akamwambia, "Jenga hapa." Uraia tulikuja kuupata baadaye sana, kwa kusubiri na makaratasi. Kiwanja tulikipata siku ile ile. Kwa hiyo kila karamu ya nyumbani kwetu ilikuwa na mambo mawili ndani yake. Ilikuwa shukrani, na ilikuwa majigambo: jamani tutazameni, nasi tumekuwa watu.

Wiki ile kuku wachache walikuwa wanaharisha. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikanunua ile dawa ya unga niliyokuwa nimezoea kuwapa, nikaichanganya kwenye maji yao. Hakuna aliyenielekeza, na mimi sikuuliza. Walikuwa wanakula, wanapiga kelele, macho yao maangavu. Nikasema wamepona.

Siku moja kabla ya sherehe tulichinja, mimi na shangazi yako Konsolata. Tuliwakatakata kwenye ule ubao wetu mpana, damu na maji yakitiririka hadi kwenye ngazi ya jiko. Mvua ikaja, ile ya kwetu ya kubembeleza, isiyo na haraka ya kuondoka. Kuni zilikuwa mbichi. Tulibandika sufuria kubwa, ikachemka kidogo, moto ukafa. Tukapuliza mpaka macho yakavimba kwa moshi, ukawaka, ukafa tena. Mwisho tukafunika, tukasema tutamalizia kesho.

Asubuhi Konsolata ndiye aliyefunua. Alichovya kidole kwenye mchuzi, kisha akaniita.

"Wifi, hii nyama imelala bila moto. Ina uvuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto."

"Inanuka?"

"Hainuki."

"Basi haijaharibika."

Akasimama na mfuniko mkononi. "Tuimwage?"

Nilicheka, Chiza. Nilimwambia, "Tuimwage, halafu wageni tuwape nini? Maji ya kunawa?"

Hilo ndilo linaloniinua kwenye kigoda mpaka leo. Usidhani sikumsikia. Nilimsikia vizuri. Lakini mabenchi ya Mzee Gwimo yalikuwa yameshaanza kuletwa uani, na mama mmoja alikuwa amenipigia vigelegele kutoka barabarani. Katika kipimo cha moyo wangu, aibu ilikuwa nzito kuliko ugonjwa. Aibu niliiona imesimama mbele yangu. Ugonjwa sikuuona.

Tukakaanga ile nyama kwa mawese, harakaharaka, moto mkali. Nje ikawa nyekundu ya kupendeza. Vipande vingine, karibu na mfupa, vilibaki na damu. Kachumbari tukaikatia kwenye ubao ule ule, tukiwa tumeupangusa kwa kitambaa. Nakumbuka nilionja kipande cha nyanya, nikasema chumvi imekolea.

Askofu aliwawekea mikono kaka zako, watu wakaja nyumbani, wakala. Mzee Gwimo nilimpelekea firigisi mwenyewe, nikapiga magoti kama mkwe. Akasema, "Ego, ndiyo, mwanangu. Leo hapa hakuna mwenyeji wala mgeni." Mke wake, Bibi Yusta, alikula wali na maharage. Yeye ni wa zamani, unamjua. Alilelewa kwamba mwanamke hali kuku, na hakuwahi kumwonja.

Kesho yake ulianza wewe. Ulitapika kwenye mkeka, ukaharisha, ukatapika tena. Nikadhani ni utamu umezidi tumbo la mtoto. Kabla sijamaliza kukuosha, Butoyi akakimbilia chooni ameshika tumbo, na nje nikasikia jirani anaita mume wake kwa sauti ya kuogopa. Mpaka mchana watu walikuwa wanapelekwa hospitali kwa pikipiki, na mwingine kwa toroli. Vitanda vilijaa, wanawake wakalala kwenye vitenge ukumbini. Watu wale wale waliokuwa wakicheza uani kwangu jana yake. Kila niliyempita alikuwa na mafuta ya sufuria yangu tumboni.

Wewe macho yalikuwa yameingia ndani. Ulikuwa unalia bila machozi. Walikutundikia dripu, wakakupa dawa, homa ikakataa kushuka. Daktari alirudi, akakutazama, akaniuliza kama tunafuga kuku na tunawapa nini. Nikamtajia ile dawa ya unga. Hakunifokea. Alisema kwa sauti ya chini, kama anazungumza na karatasi yake, "Wadudu wakizoeshwa dawa bandani, huenda wanafika huku kwa watu wameshaijua, haiwaui tena." Akabadilisha dawa. Siku iliyofuata ukaomba uji. Mimi nililia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Mzee Gwimo alikataa hospitali. Alisema ni tumbo tu, akanywa mizizi yake, akajifunika blanketi. Walipomleta alikuwa amebebwa kwenye kiti, kichwa kimeanguka kifuani. Hakumaliza usiku. Tulimzika wewe ukiwa bado wodini.

Nimesimama kidogo. Nimekwenda bandani, hakuna chochote, ni jogoo tu wa jirani. Nimenawa mikono, nimerudi.

Baada ya mazishi maneno yakaanza. Filbert, mtoto wa Mzee Gwimo, alisimama kwenye mpaka wa shamba akapaza sauti ili kila mtu asikie: "Mmemuua baba yangu kwa ajili ya kiwanja! Aliwapa kipande, mkataka chote!" Mtu mwingine akaongezea neno Warundi, neno ambalo sikuwa nimelisikia likitamkwa vile tangu nikiwa msichana. Mawe yakaanza kutua juu ya bati. Baba yako alikaa mlangoni na fimbo, kaka zako chini ya kitanda. Nilikuwa nimekaa sakafuni nikiwaza: kama ningekuwa mimi ni Filbert, ningefikiri nini? Baba amekula kwa jirani, amekufa. Ningefikiri hivyo hivyo.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyeituliza. Aliita bwana afya, naye huyo akachukua mabaki ya chakula, akachukua na kinyesi cha kuku bandani. Majibu yalipokuja, tukaitwa mkutanoni. Bwana afya alisimama akasema, "Ndugu zangu, hakuna sumu. Hakuna mtu aliyemtilia mtu kitu. Ni bakteria, wanaitwa salmonela. Wanaleta kuhara, kutapika na homa, na mtu mzee au mtoto wanaweza kumwangusha."

Nilisikia watu wakishusha pumzi. Baba yako alinifinya mkono, akaninong'oneza, "Umesikia? Tumesafishwa. Twende nyumbani."

Hapo ndipo Bibi Yusta alipoinuka. Alikuwa amejifunga kitenge cha msiba kifuani, amekonda.

"Mwanangu," akamwambia bwana afya, "mimi sikusoma. Nakuuliza tu. Hao wadudu walitoka wapi?"

Bwana afya alinitupia jicho. Kisha akaanza kuzungumza kwa ujumla, habari ya maji, ya mazingira, kwamba sote tuzingatie usafi. Alikuwa ananihurumia, nililiona hilo. Alikuwa amenifungulia mlango wa nyuma, nami nilichotakiwa ni kupita kimya kimya.

Sijui nani alinisimamisha. Nilisema, "Walitoka kwangu, mama."

Baba yako akanivuta kitenge. Nikaendelea. Nikasema kuku walikuwa wanaharisha na niliwachinja. Nikasema habari ya ubao na kachumbari. Nikasema nyama ililala bila moto, na Konsolata aliuliza tuimwage, mimi nikamcheka. Nikasema, "Mzee sikumwekea sumu, Mungu Imana ananiona. Lakini amekufa kwa chakula changu."

Filbert alitema mate chini, akaondoka. Tulirudi nyumbani, baba yako mbele, mimi nyuma. Alipofika mlangoni akageuka. "Walikuwa wameshakuponya. Kwa nini umejikata tena?" Halafu kwa muda mrefu hakuzungumza nami zaidi ya kuomba maji.

Watu husema ukisema kweli moyo unatua. Wangu haukutua. Kuku wangu hakuna aliyewataka. Mtu akipita na mtoto karibu na banda, anamvuta mkono. Wewe ulirudi kutoka shule ukaniuliza, "Mama, sumu ni nini?" Kuna siku nilifunga nguo zangu kwenye shuka ili niende kwa dada yangu kule Nyakitonto nisirudi tena. Kilichonizuia si ushujaa. Ulikuwa bado huna nguvu za kutembea mwendo ule, na kukubeba nisingeweza.

Basi nikafanya kazi, kwa kuwa kukaa nilikuwa siwezi. Maranda yote ya bandani niliyachoma. Ubao niliupasua kwa shoka. Banda nililibomoa kutoka ukuta wa jiko nikalijenga kule chini lilipo sasa, nikaliacha wazi lipigwe jua msimu mzima kabla ya kuingiza kifaranga. Ulipokua ukanikuta na viatu vya bandani visivyovuka mlango wa nyumba, ukadhani ni tabia yangu tu. Ukanicheka na shangazi yako kwamba mama ananawa mikono kama anaitafuta ngozi nyingine. Sasa unajua.

Ulipofika wakati wa kumaliza matanga ya Mzee Gwimo, Bibi Yusta alikuja. Alipitia nyuma, kwenye migomba, na hakukaa nilipomwekea kigoda.

"Tunamaliza matanga," akasema. "Utapika wewe."

"Mama, hawatakula."

"Sijasema watakula. Nimesema utapika." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Na upike kuku."

Sijawahi kuogopa jiko kama siku ile. Kuni nilizianika mapema, nikazilinda na mvua kama mayai. Kila kipande nilikichana mpaka mfupani, nikatazama, nikakirudisha kwenye moto hata kilipokuwa kimeiva. Bibi Yusta alikuja akakaa karibu na mafiga tangu asubuhi mpaka nilipoepua. Moshi ulimfuata usoni, hakuhama.

Chakula kikapakuliwa. Watu walishika sahani, wakatazamana. Filbert aliweka yake chini kwenye majani. Bibi Yusta akanyoosha mkono: "Nipe paja."

Mtu akanong'ona, "Bibi hali kuku."

"Nipe paja," akarudia.

Nikampa. Alilishika kwa mikono yote miwili, akaling'ata kwa meno yake machache, akatafuna taratibu amekunja uso kama anayekunywa dawa. Akameza. Akatazama mfupa, akatutazama sote, akasema, "Kumbe ndiyo hii mnayoisifia miaka yote?"

Watu wakacheka. Si wote. Wengine wakaanza kula, wengine wakamega wali tu wakaacha nyama. Filbert hakugusa. Mpaka leo ananisalimia vizuri, anaazima jembe, alikuja kukupa mkono ulipomaliza chuo, lakini chakula cha nyumba hii hakiingii kinywani mwake. Simlaumu. Baba yako hukasirika, mimi hapana. Alimpoteza baba.

Baadaye sana nilimuuliza Bibi Yusta kwa nini alifanya vile. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Akasema, "Ungenyamaza, ningezeeka nikijiuliza ni nani aliyemchukia mume wangu. Wewe uliniambia alikufa kwa kosa. Kosa nalifahamu, mimi mwenyewe nimekosea mengi. Chuki ingeniunguza." Akaendelea kupukuchua.

Chiza, huko unakokwenda kuni zitakuwa mbichi. Nyama itachelewa kuja. Mgeni mkubwa atakuwa ameshafika na watoto wameshapanga foleni, wanagonga sahani. Na atakuwapo Konsolata wako, msichana wa kuosha vyombo labda, au mama mtu mzima anayeongea polepole, atakayefunua sufuria, achovye kidole, kisha akuulize kama mmwage. Wakati huo chakula hakitanuka. Kitakuwa kinapendeza. Na ndani yako utasikia ile sauti ya kicheko changu ikitaka kutoka, kwa maana wewe ni mwanangu, na kucheka kwako ni kwangu. Sina dawa ya kukupa kwa hilo. Ningekuwa nayo ningeifunga kwenye kitenge cha kijani. Ninachoweza ni kukuambia kwamba muda ule ni mfupi sana, mfupi kuliko kufunika sufuria, na mimi nimekaa ndani yake tangu ukiwa mtoto.

Na ikitokea ukakosea, kwa kuwa hata mimi sasa bado nakosea, wasije wakamtafuta yule msichana wa vyombo. Simama wewe. Hutajisikia vizuri. Simama tu.

Mvua imefika. Nimehamia ndani, karatasi imepata matone, utanisamehe. Nasikia sauti yenu barabarani, mnaimba huku mnakimbia, na wewe ndiye unayepotosha sauti ya pili kama kawaida. Lazima nimalize.

Kesho ukishuka pale Kibondo, usihangaike kutafuta vocha ili uniambie umefika. Nitajua umefika. Simu ninayoisubiri ni nyingine. Ni ile ya siku utakapomwaga sufuria nzima shimoni, watoto wale ugali na chumvi, mkuu wa shule akukaripie mbele ya watu mpaka machozi yakutoke. Siku hiyo nipigie, hata kama ni usiku wa manane. Nitakusikiliza mpaka umalize kulia.

Kisha nitalala.

Mama yako